Punda Akifa Mtinko, Nani Anaandika?

Mtinko, kaskazini mwa Singida, punda ni lori la kaya: alfajiri madumu ya maji, mchana magunia ya alizeti. Akifa, kwa kawaida hakuna anayeandika. Isipokuwa pale kimeta kinaposhukiwa.

Kwa kimeta hakuna mzaha. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa. Mzoga haupasuliwi, kwani vimelea vikikutana na hewa hugeuka mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi. Mtaalamu huchukua damu kidogo sikioni, kisha mzoga unachomwa au kufukiwa kwenye shimo refu.

Lakini punda aliyekufa kwa mzigo, kwa kidonda cha mgongo kilichooza au kwa kugongwa na gari? Hapo, kwa vitendo, ni hiari, na hiari hiyo haina faida kwa yeyote. Akienda kwa afisa mifugo wa kata, mwenye punda anapoteza nusu siku. Akinyamaza, hapotezi kitu. Tena akienda anaweza kuulizwa kidonda kile kilitoka wapi, maana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Kinyume na hiari hiyo, mbio ndefu za farasi zilichagua lazima. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, linataka kila kifo katika mashindano yake kiripotiwe na mzoga uchunguzwe. Nguvu ya kanuni hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, haiko kwenye adhabu bali kwenye geti la daktari. Njiani farasi husimamishwa, mapigo ya moyo yanapimwa, na yasiposhuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, safari imekwisha. Aliyeandikishwa kuanza lazima aonekane mahali fulani: amemaliza, ametolewa au amekufa.

Hata geti hilo lilipenyeka. Machi 2015 FEI iliisimamisha Falme za Kiarabu, na ikabainika kuwa matokeo ya baadhi ya mashindano yaliyoripotiwa huko yalitungwa. Fomu zilijaa, farasi hawakukimbia.

Kwa punda, geti la kuhesabia lilikuwa machinjio. Biashara ya ngozi ya punda ilipopamba moto, machinjio ya Dodoma na Shinyanga yalipokea punda kwa makundi, na kifo cha punda kikawa na bei, hivyo kikawa na karatasi. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusitisha uchinjaji huo. Uamuzi mzuri, ila haumgusi punda anayefia kwenye mkokoteni.

Kumlazimisha mfugaji aende ofisini kuripoti kifo cha namna hiyo kungezaa fomu za uongo kama zile za Falme za Kiarabu. Rahisi zaidi ni afisa mifugo mwenyewe kuuliza, kila anapopita kuchanja au kutibu: mwaka jana ulikuwa na punda wangapi, leo wako wangapi, na waliopungua wamekwenda wapi?