Mwalimu Aliyekuwa Mtahini

Kwetu Bugomora mzazi akitaka kumpeleka kijana wake kujifunza udereva, huuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza ada: je, huyo anayefundisha amewahi kutahini? Akijibiwa kwamba mwalimu ni askari mstaafu wa usalama barabarani, ambaye katika utumishi wake alikuwa akikaa kiti cha kushoto na karatasi mapajani akiwapima watu, basi shauri limekwisha. Fedha zitatafutwa, hata kama ni kwa butura, yaani kuuza kahawa ikingali maua mtini, jambo ambalo Serikali imelipiga vita miaka mingi. Hoja ya wazazi hao ni kwamba aliyekuwa ameshika ufunguo wa mlango ndiye atakayekuingiza ndani. Mimi nami niliishika hoja hiyo. Leo naona ina kasoro, na kasoro hiyo nusura imgharimu jirani yangu mtoto wake.

Nilijifunza udereva mwaka 2011, nikiwa na umri wa miaka 44, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Wilaya yetu ya Kyerwa ilikuwa bado haijamegwa kutoka Karagwe. Hilo lilikuja mwaka uliofuata. Nilikuwa nimepata mkopo katika chama cha kuweka na kukopa, nikanunua pikapu iliyokwisha kutumika, nayo ikakaa miezi miwili chini ya mparachichi, kuku wakitaga nyuma yake, kwa kuwa mwenyewe sikujua kuiendesha. Likizo ya Juni ilipofika nikaenda mji mmoja wa mkoa wetu, ambao sitautaja, nikajiandikisha kwa mzee wa namna hiyo niliyoieleza. Sisi wanafunzi tulimwita Afande, ingawa sare alikuwa ameivua siku nyingi. Yeye aliniita Mwalimu. "Mwalimu, washa gari." "Ndiyo, Afande." Ndivyo tulivyoishi wiki nne.

Haki yake nimpe kwanza. Kabla ya kwenda kwake nilikuwa nimefundishwa kidogo na jirani yangu, dereva wa Fuso la kubeba ndizi na kahawa, mtu mwema ambaye huendesha kwa mkono mmoja, mguu wa kushoto umelala juu ya klachi wakati wote, na akipata mteremko mdogo huweka gari fri ili asile dizeli. Nilikuwa nimeyachukua yote hayo kama sunna. Afande aliyafuta kwa juma moja. "Mguu wa kushoto hauna kazi hapo, Mwalimu. Utoe." Akanifundisha kukaa, kushika usukani kwa mikono miwili, kutazama kioo kabla ya kuwasha indiketa na kuwasha indiketa kabla ya kuhama. Alama za barabarani alizijua kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake, na kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu kwake haikuwa mzaha. Tena hakupiga kelele. Katika mji ule nilisikia walimu wengine wakiwafokea wanafunzi hadi barabarani. Yeye alikaa kimya. Mtu mzima anayejifunza jambo ambalo vijana wa miaka kumi na minane wanalijua huthamini sana kimya cha namna hiyo.

Lakini nilichelewa kukielewa kimya chenyewe. Mwalimu hunyamaza ili mwanafunzi afikiri. Mtahini hunyamaza akingoja kosa. Kosa likitokea, Afande aligonga dashibodi kwa kidole, akasema maneno matatu tu: "Hapo ningekuangusha, Mwalimu." Nikigusa mstari, hapo ningekuangusha. Nikisahau handbreki, hapo ningekuangusha. Katika wiki nne sikumsikia hata mara moja akisema: hapo ungeua mtu. Sisemi kwamba hakujali. Alikuwa mtu mwenye huruma, na nilimwona akisimamisha gari ili bibi kizee avuke. Ila kwa miaka mingi kosa lilikuwa kwake alama katika karatasi, na alipostaafu aliiacha karatasi ofisini akaondoka na macho yaleyale.

Jambo la pili ni njia. Afande aliijua njia ya mtihani jiwe kwa jiwe: pa kuanzia, pa kukata, ule mzunguko ambao Watanzania tumeuita kipilefti, kilima kifupi cha kusimamisha gari na kuliondoa bila kurudi nyuma, kisha uwanja wa vigingi. "Ukiona kigingi cha pili kwenye kioo cha kushoto, kata usukani wote." Nilikata, gari likaingia kama droo ya meza. Siku ya mtihani nilipita bila kosa hata moja. Nikafika nyumbani na leseni, nikashindwa kurudisha gari katika ua wangu mwenyewe, maana uani kwangu hapakuwa na kigingi. Mke wangu alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama anichomekee fimbo mbili.

Tulicheka. Lakini fikiri vizuri: Bugomora hatuna taa za barabarani wala kipilefti. Tuna vilima, barabara za changarawe ambazo mvua ikinyesha huwa utelezi, ukungu wa asubuhi, baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi zinazosukumwa na watu wasioweza kusimama ghafla, na ng'ombe wa pembe ndefu ambao hawajui indiketa ni nini. Ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, magari hupita kulia, na ng'ambo ya upande wa Uganda hupita kushoto kama kwetu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo katika njia ya Afande.

Jambo la tatu ni amri. "Kata kushoto. Nyoosha. Kulia." Wiki nne nilitii. Sikuwahi kuamua mwenyewe niende wapi, nipite saa ngapi, au nisipite kabisa. Kasoro hii si ya kwetu peke yetu. Uingereza, ambako mtihani wa udereva ulikuwa wa lazima tangu mwaka 1935, watahiniwa waliendelea kuelekezwa kona kwa kona kwa miaka zaidi ya sabini. Mwaka 2010 ndipo ilipoongezwa sehemu ya dakika kama kumi ambamo mtahiniwa hufuata njia bila kuamriwa kila kona, na mwaka 2017 sehemu hiyo ikawa kama dakika ishirini. Ikiwa mtihani wenyewe ulichukua muda huo kuligundua, sishangai kwamba mzee mmoja mstaafu hakuligundua peke yake.

Novemba ya mwaka uleule jirani yangu aligonga mlango alfajiri. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa na homa kali na ameanza degedege. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikawapakia, mama na mtoto mbele, baba nyuma kwenye bodi na turubai, tukaelekea kituo cha afya.

Kuna mteremko mrefu katika njia hiyo. Niliuingia na gia ya tatu, mguu juu ya breki, nikiangalia mshale usizidi mwendo halali. Nilikuwa nikifanya vizuri sana. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, na mama wa mtoto akaniuliza, "Mwalimu, ni gari letu?" Nikakanyaga breki, ikashuka hadi chini kana kwamba nimekanyaga tope. Breki zikisuguliwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto mno huacha kushika; hili nalijua leo. Wakati ule nilijua mambo mawili tu, nami nikayafanya. Nilitazama kioo. Kisha, naona haya kuliandika lakini ndivyo ilivyokuwa, niliwasha indiketa ya kushoto, nikaliingiza gari katika kingo ya udongo ya shamba la migomba.

Mama aliumia bega. Baba alirushwa migombani, akainuka. Mtoto hakupata hata mkwaruzo, lakini degedege lilikuwa palepale, na sisi tulikuwa mtaroni huku mvua ikianza upya. Kijana wa bodaboda aliyepita baada ya muda ambao sikuupima ndiye aliyewachukua baba na mtoto. Mtoto alipona. Leo ni kijana mkubwa, tukikutana huniamkia shikamoo, nami humwitikia nikiona aibu ambayo yeye haijui.

Dereva wa Fuso ndiye aliyekuja kunivuta. Hakunilaumu. Alifunga mnyororo, akauliza: "Kaka, uliingia na gia gani?" Nikamwambia ya tatu. "Mlima huu unapandwa na gia gani?" Nikamwambia ya pili, wakati mwingine ya kwanza. "Basi huteremkwa na hiyohiyo. Injini ndiyo inakushika, breki unaisaidia tu. Hukuisikia injini ilivyokuwa kimya?" Huyu ndiye yule wa kuweka fri kwenye miteremko midogo. Alijua ni mlima upi wa kufanyia ujinga na ni upi usio wa mchezo, na hakuwa na neno la kulielezea hilo hadi nilipomfikia nikiwa mtaroni.

Mwezi uliofuata nilikwenda mjini, nikampitia Afande kumweleza. Alinisikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Ulitazama kioo?"

"Nilitazama, Afande."

"Ukaonyesha ishara?"

"Nikaonyesha."

Akafikiri. "Basi sioni kosa lako, Mwalimu."

Alisema kweli. Katika orodha yake halikuwamo. Njia ya mtihani katika mji ule haikuwa na mteremko mrefu, hivyo katika utumishi wake wote hakuwahi kumwangusha mtu mteremkoni. Mtahini humwona dereva siku moja, kwa dakika chache, mahali pamoja. Aliyeshindwa hurudi kwake. Aliyefaulu kisha akaharibikiwa na breki umbali wa kilomita mia, huyo hakurudi kumweleza. Mimi huenda nilikuwa wa kwanza. Tunadhani mtu aliyewapima madereva maelfu ameona udereva mwingi. Ameona dakika zilezile za kwanza, maelfu ya mara.

Nilitoka kwake na hasira, lakini haikufika mbali. Sheria ya Usalama Barabarani na sheria iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Taifa zote ni za mwaka 1973, na mimi nimekula chumvi ya hilo la pili. Nilikuwa nimeitwa mara kadhaa kusahihisha jiografia ya kidato cha nne, na habari hiyo ilipovuja wazazi walianza kunifuata niwafundishe watoto wao twisheni, kwa sababu ileile: huyu amesahihisha. Nami niliwafundisha kama Afande. Swali la ramani, andika hivi, alama mbili. Ukisahau dira, umepoteza moja. Wanafunzi wangu walifaulu, na nilijisifu.

Kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni kwa miaka kumi na mitano, tena katika darasa ambalo dirisha lake linautazama mlima uleule. Sikumbuki kumwambia mwanafunzi hata mmoja ageuze shingo. Sikuigeuza yangu. Niliuteremka na gia ya tatu.

Kwa hiyo sisemi wazazi wasiwapeleke vijana kwa watahini wastaafu. Bila Afande huenda ningekuwa bado nimelaza mguu juu ya klachi. Nasema kwamba mtu wa namna hiyo, akivua sare na kuanza kufundisha, anapaswa kumpeleka mwanafunzi mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kumtahini mtu, na huko akubali kuwa mgeni. Ni jambo gumu. Mimi nilijaribu darasani katika miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, nikawatoa wanafunzi nje na ramani zao, na mzazi mmoja akaja kulalamika kwamba tunapoteza muda wakati mtihani umekaribia.

Mwaka huu binti yangu ameanza kujifunza. Nilimpeleka kwa mstaafu mwingine, si Afande wangu, kwa majuma mawili ya mwanzo, akapate adabu ya kioo na mikono. Kisha nikafunga vibao vya L mbele na nyuma ya pikapu, nikakaa kiti cha kushoto, tukaenda hadi juu ya ule mteremko. Palikuwa pakavu, hapana gari jingine. Akasimama.

"Baba, sasa niweke gia gani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nilikuwa tayari nimeinua kidole kuelekea dashibodi. Nikakirudisha, nikamwuliza tulipanda na gia gani tulipokuwa tukitoka upande ule mwingine jana. Hakukumbuka. Tukashuka garini, tukautazama mlima, watoto wawili wenye madumu ya maji wakitucheka. Halafu akarudi ndani, akazima redio, akaingiza gia ya kwanza, na akaanza kuteremka polepole huku ameinamisha kichwa kidogo, akiisikiliza injini.