Thamani ya Fahali na Majina Yake: Uhakiki wa Istilahi za Tathmini ya Ng'ombe wa Nyama

Katika nchi zinazofuga ng'ombe wa nyama kwa biashara kubwa, fahali wa mbegu hachaguliwi tena kwa macho peke yake. Mnunuzi hupewa jedwali la tarakimu linaloeleza yale yanayotazamiwa kwa ndama wa fahali huyo. Msingi wa hesabu hizo ni kazi ya Charles R. Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyeanza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940. Chama cha wafugaji wa Simmental cha Marekani kilitoa orodha yake ya kwanza ya taifa ya mafahali waliotathminiwa mwaka 1971, na Australia ilianzisha mfumo wake wa BREEDPLAN mwaka 1985. Siku hizi mbegu husafiri katika mirija iliyogandishwa, na tarakimu husafiri pamoja nayo. Mfugaji wa Afrika Mashariki anayetaka kutumia uhimilishaji huweza kuletewa jedwali lililochapwa Marekani au Australia, naye hana budi kulielewa.

Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki majina ya Kiswahili yanayotumika, au yanayomjia mfasiri upesi, kwa dhana zilizomo katika majedwali hayo. Hoja yetu ni moja. Istilahi ya kipimo yapasa iseme kinachopimwa ni nini, ni cha nani, na kinalinganishwa na nini. Istilahi isiyosema hayo humgharimu mfugaji fedha, na pengine humgharimu mtamba.

Tuanze na "mbegu bora". Maneno haya yameenea katika maelezo ya ugani, nayo yana sauti tamu, lakini "bora" ni sifa isiyo na kipimo. Bora kwa lipi? Uzito wa kuzaliwa na ukuaji wa baadaye huelekea kwenda pamoja, kwa hiyo fahali ambaye ndama wake hukua upesi aghalabu ndiye ambaye ndama wake huzaliwa wakubwa. Kwa ng'ombe aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, si neno. Kwa mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza, ndama mkubwa huweza kukwama njiani, na mfugaji akampoteza ndama na mama yake kwa mbegu ile ile aliyosifiwa kuwa ni bora. Jedwali lenyewe halifanyi kosa hilo. Huweka safu mbalimbali: uzito wa kuzaliwa, uzito wa kuachishwa kunyonya, uzito wa umri wa mwaka mmoja, maziwa ya mabinti wa fahali, mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Fahali mzuri hujiuza kwa uzuri wake mwenyewe, ilhali mnunuzi ananunua ndama ambao hawajazaliwa. Basi "bora" libaki katika mabango; katika istilahi halina nafasi.

Dhana ya pili ni ile ijulikanayo duniani kwa herufi EBV, yaani makadirio ya thamani ya mnyama kwa kile anachokipitisha kwa kizazi kijacho. Tafsiri ya haraka ni "thamani ya uzazi". Tafsiri hii yapotosha, maana katika Kiswahili uzazi ni tendo la kuzaa au uwezo wa kuzaa. Mfugaji atakayeiona tarakimu kubwa chini ya jina hilo atadhani fahali wake ana nguvu ya kutunga mimba. "Thamani ya urithi" ina nafuu, lakini urithi ni kile kinachopokewa, na sisi hapa twamzungumzia mtoaji. Twapendekeza "thamani ya kurithisha". Mnyambuliko wa kutendesha wamweka fahali mahali pake: yeye ndiye anayerithisha.

Dhana ya tatu iko karibu sana na hiyo, na hapo ndipo penye hatari. Ndama hupata nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo Marekani huchapa nusu tu ya thamani ya kurithisha, kwa herufi EPD, ilhali Australia huchapa thamani nzima. Fahali mwenye thamani ya kurithisha ya kilo +30 katika uzito wa kuachishwa hutazamiwa kuwapa ndama wake kilo +15. Ikiwa mfasiri ataziita dhana zote mbili "makadirio ya urithi", msomaji mwenye majedwali mawili mkononi atamwona fahali wa Australia kuwa ni bora maradufu, kumbe tofauti hiyo imetokana na tafsiri. Aidha, hata baada ya kugawanya kwa mbili, majedwali ya tathmini mbalimbali hayalinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa kila moja lina msingi wake wa kuanzia hesabu.

Kwa dhana hii ya nusu twapendekeza "tofauti tarajiwa ya uzao". Kila neno lina kazi yake. Ni "tofauti" kwa sababu kilo +15 si uzito wa ndama, wala si ziada juu ya uzito wa mama yake. Tarakimu hiyo hupata maana ikiwekwa kando ya tarakimu ya fahali mwingine: mmoja akiwa na +15 na mwenzake +5, ndama wa yule wa kwanza hutazamiwa kuwazidi wa pili kwa wastani wa kilo 10, iwapo mama zao na malezi yao yanalingana. Ni "tarajiwa" kwa sababu ni wastani. Na ni "uzao" kwa sababu neno hili hutaja jumla ya watoto, wala halimwahidi mtu ndama mmoja mahsusi. Anayeandika "uzito tarajiwa wa ndama" amelidondosha neno "tofauti", na dhana yote imedondoka nalo.

Nne ni kiasi ambacho sifa hurithika. Baadhi ya waandishi hutumia "urithi" kwa hili pia. Twapendekeza "urithikaji", kutokana na kurithika, ili sifa isichanganywe na mnyama: fahali hurithisha, ndama hurithi, sifa hurithika. Uzito wa kuachishwa una urithikaji wa karibu 0.25. Maana yake ni kwamba kama robo ya tofauti zinazoonekana baina ya wanyama katika kundi hutokana na jeni wanazorithishwa; haina maana kwamba ndama mmoja katika kila wanne atarithi uzito wa baba yake. Methali yetu ya mtoto wa nyoka hudai urithikaji kamili. Istilahi haina budi kujitenga na dai hilo.

Tano ni tarakimu iliyo kati ya 0 na 1 inayoambatana na kila makadirio. Wengi wangeiita "usahihi", na wengine "uhakika". Yote mawili hayafai. Fahali mchanga asiye na ndama waliopimwa huweza kuwa na 0.3, na mfugaji akasema makadirio yake si sahihi. La hasha. Makadirio hayo ndiyo mazuri kuliko yote yanayoweza kupatikana kwa habari zilizopo, ila yanaweza kubadilika sana ndama wakianza kupimwa. Twapendekeza "kiwango cha kutegemeka".

Sita ni wanyama wanaolinganishwa kwa haki kwa kuwa walilelewa pamoja. Hapa lugha yetu ina neno tayari, nalo ni "rika". Hata hivyo, "rika" peke yake hutaja umri tu. Ndama wa umri mmoja, baadhi yao wakipewa pumba na wengine wakiachwa malishoni, hawalinganishwi kwa haki. Heri tuseme "rika la malezi".

Mwisho, jina la kazi yote. "Tathmini ya kinasaba" ina utata. Nasaba ni ukoo, lakini nchini Tanzania "vinasaba" limezoeleka kwa maana ya DNA. Tangu mwaka 2001, Meuwissen, Hayes na Goddard walipoonyesha namna ya kukadiria thamani ya mnyama kwa alama nyingi za DNA yake, utata huo umekuwa na madhara: msomaji hajui kama makadirio yametoka katika hati ya ukoo au katika maabara. Tuseme "tathmini ya kijenetiki", na "nasaba" tuiachie ukoo.

Mapendekezo haya yasisanifishwe mezani. Kabla ya Baraza kuyapitisha, yapelekwe kwa wahimilishaji wa Usa River na wafugaji wa Kongwa. Mfugaji apewe jedwali la mafahali wawili lililoandikwa kwa istilahi hizi, aulizwe ni yupi awafaao mitamba wake na ni yupi awafaao ng'ombe wakubwa. Akishindwa kujibu, istilahi zirudishwe kwetu tuzitengeneze upya.