Moto iliyoacha kusalimia watu

Hapa tumezoea kuhakiki vitabu, nyimbo na hotuba. Leo nahakiki amotisere ya mbele ya moto ya zamani. Ndugu zetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wanaiita shokapu. Kitu ni kilekile. Imefanyiwa kazi mara mbili, uani kwetu hapa Kalemie. Kazi ya kwanza ilisifiwa na mtaa mzima. Ya pili haikusifiwa na mtu. Mimi nasema ya kwanza ilikuwa mbaya na ya pili ni nzuri.

Moto yenyewe ni Yamaha AG 100, ya baba. Wengi mnaijua hata kama hamjui jina lake: injini ndogo ya cc 97 inayochoma petroli pamoja na mafuta, cheni imefunikwa yote, karia nyuma, breki za ngoma. Yamaha waliiunda kwa ajili ya watu wa mashamba na mifugo. Kwetu ilifika na mapadri, na watu wa chanjo, na miradi. Mradi mmoja ulipofunga, baba akanunua ya kwao. Nilipoirithi ilikuwa tayari imechoka mbele. Ukigusa breki inainama. Ukiingia shimoni unasikia chuma kinagonga chuma, ta!

Fundi wa jirani aliikandamiza mara moja tu. "Eh lisansie, hii moto inasalimia watu sana. Tuipe nguvu."

"Sawa, yaya, tuipe."

Jioni ile tukamwaga mafuta ya zamani, tukaweka ya injini, yale mazito ya 40, tukajaza bila kupima. Juu ya kila resori tukaongeza kipande cha bomba cha sentimita 4. Asubuhi moto ilisimama kama jogoo. Vijana wakaja mmoja mmoja kuikandamiza kwa mikono, haikuinama. "Iko ngumu!" Nilifurahi, sitaficha.

Hapo njo kosa la uhakiki lilipoanza. Tulipima kazi ya barabarani kwa moto iliyosimama, na kwa neno moja, "ngumu", ambalo kwetu ni sifa ya kila kitu, toka mlango mpaka mwanaume.

Tazama ndani ya amotisere. Kuna resori na kuna mafuta. Resori inabeba uzito. Mafuta yanazuia mwendo, kwa kulazimishwa kupita kwenye matundu madogo ya fimbo ya ndani. Si elimu mpya: BMW waliuza pikipiki yenye amotisere za mbele za mafuta, ile R12, tangu 1935. Ukikaa juu ya moto, mbele inatakiwa ishuke karibu robo mpaka theluthi ya urefu wake wote wa kucheza. Ule mshuko si udhaifu. Ni akiba, ili gurudumu likikuta shimo liweze kushuka kulifuata. Yetu, nikikaa, ilishuka upana wa kidole kimoja. Akiba tuliimaliza kwa vipande vya bomba. Na vipande vile havikuongeza ugumu wa resori hata kidogo. Resori ni ileile, tuliibana tu kabla ya safari.

Mafuta mazito ni hadithi nyingine, na njo mbaya zaidi. Kwenye matundu yale, mwendo ukizidi mara mbili, kizuizi kinapanda kama mara nne. Kwa hiyo ukibonyeza polepole kwa mikono unaona ugumu wa kawaida, lakini jiwe likipiga gurudumu kwa ghafla, amotisere inageuka kuwa nondo. Ikishabanwa inachelewa kurudi. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati, tuta la pili linaikuta haijarudi bado, la tatu vilevile, inaendelea kuzama mpaka imebaki chini. Nasi tulijaza mno, hewa ya juu ikabaki kidogo. Hewa ile nayo ni resori; ukiibana kupita kiasi inakuwa ukuta, na mafuta yanatafuta pa kutokea.

Haya yote niliyajua. Nilimaliza sekondari sehemu ya hesabu na fizikia. Sikuyatumia kwa sababu moto ilikuwa inasifiwa.

Wiki ya tatu nilimbeba mdogo wangu wa kike, anaenda kufanya mtihani wa mwaka wa pili. Kuna mteremko mmoja kabla ya daraja la Lukuga, mvua ilikuwa imeuchana mistari. Nilikanyaga na kukamata breki kama siku zote, na gurudumu la mbele likaanza kurukaruka. Gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Nilitoka na michubuko. Yeye alivunjika mfupa wa bega, na mtihani ukampita. Tulipoiinua moto, mafuta yalikuwa yanatiririka kwenye bomba la kushoto.

Fundi simlaumu. Aliahidi ugumu, akaleta ugumu. Mwenye kujua swali la kuuliza nilikuwa mimi.

Nikaenda kwenye video za wazungu, maana pale kila mtu ana dawa. Wengi wanasifu kivali kidogo kinachokaa juu ya ile fimbo ya ndani na kufunguka pigo likiwa kali. Wazo ni zuri kweli, linatibu ugonjwa uleule niliousema. Lakini kukiweka lazima utoboe matundu ya fimbo yawe makubwa, na tundu likishapanuliwa halirudi. Fimbo nyingine utaipata wapi, Kalemie? Tena karibu video zote nilizotazama zinaishia moto ikiwa safi, imesimama kwenye sakafu ya saruji. Wanafanya kosa la vijana wa mtaani kwetu, ila kwa taa nzuri.

Kazi ya pili niliifanya peke yangu, siku tatu, injini imekaa juu ya sanduku ili mbele ininginie. Ukifungua kifuniko cha juu geuza uso pembeni, resori iliyobanwa haina urafiki. Chini yalitoka matope meusi yenye unga wa chuma. Mabomba niliyaviringisha juu ya kioo cha dirisha kuona kama yamepinda. Hayakupinda, namshukuru Mungu. Mipira ya kuzuia mafuta ilikuja kwa boti kutoka Kigoma. Safari hii niliweka mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki, ambayo ni mepesi, na nikapima kina chake kwa kijiti, resori ikiwa nje na bomba limesukumwa mpaka mwisho, pande zote mbili sawa. Kisha nikafunga uzi kwenye bomba, juu tu ya ule mpira wa vumbi. Nakaa, nashuka, natazama uzi umesukumwa wapi. Vipande vya bomba nikavikata mara nne, mpaka vikabaki sentimita 1 na nusu na mshuko ukawa chini kidogo ya theluthi.

Hii kazi ina upungufu. Nikibeba watu wawili na gunia, bado inagonga chini. Resori ni ya zamani na sijapata nyingine, basi gunia linapanda teksi. Ila kwenye barabara ya Nyunzu, pale bati linapoanza, gurudumu linabaki chini na mikono yangu haifi ganzi tena.

Fundi alipita, akaikandamiza, ikainama. "Eh lisansie! Imerudi kusalimia!" Akacheka, akaenda zake. Nilimwita akae juu yake, nikamwonyesha uzi. Aliutazama muda mrefu, akaniomba kipande cha uzi, akakiweka mfukoni.

Mdogo wangu anapanda tena, tangu mwezi uliopita. Lakini tukifika juu ya ule mteremko ananigusa begani, anashuka, anatembea kwa miguu. Mimi namsubiri chini, karibu na daraja.