Kifaru na Waliomo: Uhalisi wa Deraya za Kubuni
Katika filamu za vita zinazotafsiriwa kwa sauti na kuuzwa Kariakoo, kifaru chenye deraya isiyopenyeka hupita kwenye mlipuko wa nyuklia kikatoka salama. Dai hilo si la kubezwa. Mwaka 1953, huko Emu Field, Australia, kifaru cha Centurion kilichokuwa umbali usiofika mita 500 kutoka kwenye bomu la takriban kilotani 10 kiliweza kuendeshwa baadaye; lakini wangekuwamo askari, wangekufa. Hapa istilahi yetu inapotosha. Kifaru mnyama ni ngozi na uhai pamoja. Kifaru mtambo ni gamba lililobeba watu. Utendi wa Fumo Liyongo, kwa maoni yetu, una uhalisi zaidi: shujaa hadhuriki ila kitovuni, kwa sindano ya shaba, na anayeidadisi siri hiyo ni mwanawe.