Ubatizo na Meza Moja

Tunapofundisha juu ya wapagani wa kwanza walioingia katika Eklezya, tunasoma Matendo ya Mitume, sura ya 10 na ya 15, kisha tunasema: tazameni, mlango ulifunguliwa. Ni kweli. Lakini tukisoma polepole, tutaona kwamba ugomvi mkubwa ulihusu pia chakula.

Tumwangalie Kornelio, mkubwa wa askari wa Roma kule Kaisarea. Petro aliagiza abatizwe pamoja na watu waliokusanyika kwake, kisha akakaa huko siku chache. Aliporudi Yeruzalemu, ndugu waliotahiriwa walimlaumu. Kwa neno gani? Hawakumwuliza habari za maji. Walimlaumu kwa sababu aliingia katika nyumba ya wasiotahiriwa, akala nao. Luka anaikumbusha habari hiyo katika sura ya 10, ya 11 na ya 15, ili msomaji asiipite mbio.

Kisha ukafuata mkutano wa Yeruzalemu, karibu na mwaka 49. Mitume na wazee waliamua kwamba wapagani wasilazimishwe kutahiriwa. Waliwaomba tu wajiepushe na vitu vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Wengine wanadhani maagizo haya manne ni mabaki ya sheria ya kale tu. Mimi sioni hivyo. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 17 na ya 18, tunakuta maagizo yanayofanana nayo, ambayo yalimfunga hata mgeni aliyekaa kati ya Waisraeli. Basi nia yao ilikuwa watu wa aina mbili waweze kukaa na kula pamoja. Kila upande uliacha kitu: Wayuda waliacha kudai tohara, na wapagani waliacha vyakula fulani.

Hata hivyo, kitabu cha Luka kina upungufu. Ugomvi wa Petro na Paulo kule Antiokia hakisimulii hata kidogo. Lazima tufungue Barua kwa Wagalata, sura ya 2. Petro alikuwa akila na wapagani walioamini. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga. Barnaba naye akavutwa. Paulo akampinga Petro mbele ya wote. Hakuna aliyekana ubatizo wa ndugu hao. Waliachwa tu wale peke yao. Kwa Paulo, jambo hilo lilitosha kuipotosha Injili.

Anayesoma Luka peke yake atafikiri shida iliisha kwa barua moja ya mitume. Anayesoma Paulo peke yake atasahau kwamba wazee walitafuta kwa uvumilivu njia ya kupatanisha watu. Vitabu hivi viwili visomwe pamoja.

Neno hili linatuhusu sisi wa Ituri. Bunia ilifanywa jimbo mwaka 1959, na ubatizo umewafikia Wahema, Walendu, Waalur, Wabira na wengine. Lakini vita iliyowaka mwaka 1999 ilionyesha kwamba watu waliobatizwa wanaweza kukataana mezani, na hata kuuana. Tangu mwisho wa mwaka 2017 damu imemwagika tena.

Misa ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inatufundisha kitu hapa. Wengi wanaisifu kwa ngoma zake. Mimi naisifu zaidi kwa utaratibu wake: baada ya mahubiri tunaomba toba, tunapeana amani, na baadaye ndipo vipaji vinaletwa altareni. Anayemnyima jirani mkono wake, anawezaje kukaribia meza ya Bwana?

Basi, ndugu wapenzi, tunapohesabu wabatizwa wa mwaka katika kitabu cha parokia, tuulize pia: siku ya sikukuu, au siku ya kilio, wanakula na nani? Na sisi wenyewe, mapadri, wakatekista na wasemineri, tunaketi na nani?