Filamu ya Katikati

Nyuma ya soko la Bugolobi palikuwa na kibanda cha video: mabati, mabenchi, televisheni moja, na mlangoni ubao mweusi. Kila mchana mwenyewe alikuwa anaandika kwa chaki filamu tatu za jioni. Ya kwanza na ya tatu tulizijua kabisa: Commando ya Schwarzenegger, au moja ya Jackie Chan, na viijei juu yake akitafsiri kwa Kiluganda. Ya katikati hatukuijua. Mara ya Kihindi, mara ya Korea, siku moja Who Killed Captain Alex?, ile ya Isaac Nabwana iliyotengenezwa hapahapa Kampala, mtaani Wakaliga, mwaka 2010. Watu walinung'unika: "Muzee, hii tena ni nini?" Lakini walikaa, kwa sababu walishalipia zote tatu na ile ya mwisho walikuwa wanaitaka. Leo za pembeni nimezichanganya zote. Za katikati ndizo nazikumbuka.

Nataka kuuhakiki ubao ule kama wengine wanavyohakiki kitabu, na kuuweka karibu na ubao tulio nao sasa, yaani ukurasa wa mbele wa programu za video na muziki kwenye simu. Kazi yao ni moja, kutuchagulia. Na swali lao ni moja: waweke mangapi tunayoyajua na mangapi mapya?

Watu wa hesabu wanalijua swali hili zamani. Mwaka 1952 Mmarekani Herbert Robbins aliliandikia, na wenzake wakazoea kulieleza kwa mfano wa mashine za kamari. Moja umeijaribu, inalipa kidogo. Nyingine hujazigusa. Ukibaki na ile moja, labda unaiacha iliyo bora. Ukizijaribu zote, pesa inaisha. Kampuni kubwa nazo zinalijua. Mwaka 2015 Spotify ilianza kumpa kila msikilizaji orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu ili agundue asiyoyazoea. Mwaka 2021 YouTube iliongeza sehemu ya video ambazo ni mpya kwako. Kwa hiyo tusiseme hawajui kwamba mtu anachoka kulishwa chakula kilekile.

Basi shida iko wapi? Iko kwa anayelipa pale jaribio linapokosea. Kibandani alilipa mwenye kibanda. Akileta filamu mbovu ya katikati siku tatu mfululizo, watu wanahamia kibanda kingine. Kwenye simu tunalipa sisi, kwa bando. Hapa Uganda tulianza Julai 2018 kulipa ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa ajili ya mitandao ya kijamii. Julai 2021 ukaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Mtu mwenye bando ya siku moja hajaribu kitu. Anabonyeza wimbo anaoujua, mhubiri anayemjua, basi. Mashine haioni mfuko wake, inaona kidole chake tu. Inasema: huyu anapenda ya zamani, mwongezee. Hivyo umaskini unasomwa kama ladha.

Na si umaskini peke yake. Januari 2025 M23 walipoingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu, nyumbani kwetu tulikuwa na simu moja ya watu wanne. Wiki nzima tulifungua video za Goma, tukizisimamisha na kutazama nyuso za watu waliokuwa wanakimbia. Baada ya hapo ukurasa wa mbele ulijaa bunduki. Miezi ilipita, mtoto akafungua atafute somo la hesabu, safu ya kwanza ni maiti. Hatukuwa tunaipenda vita. Tulikuwa tunatafuta watu wetu.

Mtu atasema: mkimbizi anahitaji mazoea, mwacheni. Nakubali. Mama akifua nguo anamsikiliza Franco, na asije mtu akamnyang'anya. Tena ubao wa chaki nao ulikuwa na makosa yake. Ulichaguliwa na mwanaume kwa ajili ya wanaume. Mama hakuwahi kuingia mle ndani, na filamu ya watoto sikuiona hata siku moja. Simu imempa yeye ubao wake wa kwanza. Hata Captain Alex, kionjo chake kiliwekwa YouTube kikafika kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Kampala.

Lakini muzee yule alijua kitu kimoja: kipya kinahitaji kushikwa mkono na viwili vinavyojulikana. Simu mara nyingi inakisukuma chini kabisa, mahali ambapo bando haifiki. Au inatupa upya wa uso tu, video nyingine ya mhubiri yuleyule. Na tangu Agosti 2023, kwenye YouTube, mtu aliyezima kumbukumbu ya anayotazama, na asiye na ya zamani ya kutosha, anakuta ukurasa wa mbele hauna video. Eti ukikataa kukumbukwa, huchaguliwi kitu. Muzee hakuwa na daftari la nani aliona nini, na bado alichagua vizuri.

Neno kwa wenzetu wa mashirika. Mnatuletea programu za simu za masomo, za afya, za hadithi, halafu mnahesabu mibonyezo na kuandika kwenye ripoti: wakimbizi wanapendelea hiki. Kabla ya kuandika, ulizeni bando ilikuwa kiasi gani, na simu ilikuwa ya watu wangapi. Wekeni ukubwa wa video uonekane kabla mtu hajabonyeza. Kile kipya kiwe bure kwa dakika ya kwanza. Gharama ya kujaribu iwe yenu, kama ilivyokuwa ya muzee.

Kibanda kile hakipo tena. Nyumbani tumerudisha ubao kwa namna yetu: kila Jumapili tunachanga bando, tunafungua vitatu, na cha katikati lazima kiwe kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukifungua. Tunachagua kwa zamu. Jumapili iliyopita zamu ilikuwa ya mtoto, akachagua mafundi wanaotengeneza jahazi kule Lamu. Mama akanung'unika: sisi na jahazi wapi na wapi? Bando ilikatika kabla halijashushwa majini. Tangu juzi anauliza kama lilielea.