Mtafiti, Mwanafunzi au Mzamiaji? Uhakiki wa Tafsiri ya Ratiba ya Wiki ya Mafunzo

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki tafsiri moja ya Kiswahili iliyofika mezani petu ikiwa imekwisha kuleta madhara. Ni tafsiri ya ratiba ya wiki ya mafunzo ya watafiti wa shahada ya uzamivu katika mradi wa kimataifa wa uhandisi. Mradi wenyewe huchunguza jinsi miundo ya feleji iliyosimikwa baharini, kama vile minara ya mitambo ya kufua umeme kwa upepo, inavyoingia nyufa na hatimaye kuvunjika. Ratiba hiyo haizidi kurasa saba, lakini imebeba matatizo ambayo kamusi nzima huenda isiyaoneshe.

Mhandisi mmoja kijana, mtumishi wa ofisi moja ya hapa nchini, alichaguliwa kujiunga na mradi huo. Aliomba likizo bila malipo, akaambatisha mkataba wake na ratiba ya wiki ya kwanza ya mafunzo, vyote vikiwa vimefasiriwa. Katika tafsiri hiyo yeye na wenzake wanaitwa “wanafunzi” katika ukurasa wa kwanza, “watahiniwa” katika ukurasa wa tatu, na “wazamiaji” katika ukurasa wa tano. Ofisi yake ilisoma neno la kwanza ikamtaka alete barua ya mfadhili. Barua hiyo hakuwa nayo, kwa kuwa hakuwa na mfadhili bali mwajiri. Jalada lilirudishwa mara tatu. Lilipopita, wiki ya mafunzo ilikuwa imekwisha, na wenzake walikuwa wamekwisha kujuana na kugawana kazi bila yeye.

Hatuandiki haya ili kumwaibisha mfasiri. Kama itakavyoonekana, baadhi ya makosa yake aliyapata katika orodha za istilahi zilizotungwa na watu wa kazi yetu.

Hali ya mtafiti na jina lake

Mradi tunaouzungumzia ni mmojawapo wa mitandao ya uzamivu inayogharimiwa na Umoja wa Ulaya chini ya mpango wenye jina la Marie Skłodowska-Curie. Mwanasayansi huyo alizaliwa Warsaw mwaka 1867, akaenda Paris mwaka 1891 kutafuta elimu, na mwaka 1903 akapata shahada yake ya udaktari na Tuzo ya Nobel. Hapana shaka jina lake lilichaguliwa kwa kufaa, maana sharti kubwa la mitandao hiyo ni kuvuka mpaka. Mtu wa taifa lolote aweza kuomba, almuradi katika miezi 36 iliyotangulia hakukaa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya taasisi inayomwajiri.

Tunasema “inayomwajiri” kwa makusudi. Mtafiti huyo hupewa mkataba wa kazi, mshahara na hifadhi ya jamii. Mkataba wa Watafiti wa Ulaya wa mwaka 2005 ulitamka kwamba watafiti wahesabiwe kuwa wanataaluma tangu mwanzo wa kazi yao, wakiwamo wale ambao bado wanatafuta shahada ya udaktari. Hata wenye mradi wenyewe wamepata taabu ya jina. Katika kipindi cha 2014 hadi 2020 waliwaita kwa neno lenye maana ya watafiti wa hatua za awali. Tangu mwaka 2021 wanawaita kwa neno ambalo mfasiri wetu amelitoa kuwa “watahiniwa wa udaktari”.

Sasa tuyapime maneno matatu ya mfasiri. “Mwanafunzi” si tusi, na kila mtafiti hujifunza. Lakini jina la cheo halielezi tabia tu, hubeba haki. Mwanafunzi huombewa ruhusa ya masomo, mwajiriwa huombewa likizo. Mwanafunzi huulizwa nani anamlipia, mwajiriwa huulizwa analipwa nini. “Mtahiniwa” ni mtu anayefanyiwa mtihani, na msomaji wa Kiswahili akilisikia humwona kijana aliyeketi na kalamu akisubiri karatasi ya maswali. Mtihani wa uzamivu upo, lakini huja mwishoni mwa kazi ya miaka kadhaa.

Neno la tatu ndilo la hatari. Mfasiri alijua kwamba uzamivu unatokana na kitenzi zamia, akaona kwamba atendaye uzamivu ni mzamiaji. Lakini mzamiaji ana maana zake tangu zamani: ni yule azamiaye lulu au samaki, na katika miji yetu ya bandari ni yule ajifichaye melini ili afike ng'ambo bila hati. Kumwita hivyo mtu anayeomba ruhusa ya kwenda Ulaya ni kumharibia safari kabla hajafunga mizigo. Sarufi nayo ilikwisha kutupa njia. Kiambishi -aji huonesha mtenda wa mazoea, kama msomaji na mchezaji. Kiambishi -vu huonesha hali iliyomwingia mtu, kama mtulivu kutoka tulia na mvumilivu kutoka vumilia. Kwa kanuni hiyo, zamia hutoa mzamivu, yaani aliyezama katika elimu. Kwa hiyo tunapendekeza “mtafiti wa uzamivu” kwa matumizi ya kawaida, na “mtafiti mwajiriwa wa uzamivu” katika hati za ajira.

Maneno ya kiofisi

Katika sehemu hii makosa ni mepesi, nasi hatutakawia. Ratiba inasema kwamba kila mtafiti atapata “uhamisho wa muda” kwenda katika kampuni au maabara nyingine. Kwa mtumishi wa umma uhamisho ni jambo lenye uzito: kituo hubadilika na jalada humfuata mtu. Mtafiti wa mtandao hahamishwi. Hubaki chini ya mwajiri wake, akaenda kufanya kazi kwingine kwa muda usiozidi theluthi moja ya mkataba, kisha akarejea. Utumishi wetu una neno lake la siku nyingi, nalo ni kuazimwa. Neno hilo lina uzuri wa kubeba ahadi ndani yake, kwa maana kitu cha kuazima hurudi kwa mwenyewe. Mfasiri alilipita mlangoni akaenda kutafuta jingine mbali.

Aidha, kazi za mradi zimegawanywa katika “vifurushi”, na maendeleo yake hupimwa kwa “mawe ya maili”. Kifurushi huletwa na posta, na jiwe la maili halimwambii kitu msomaji ambaye barabara zake hupimwa kwa kilomita. “Fungu la kazi” na “hatua ya upimaji” yanatosha.

Mkazo mmoja, dhana mbili

Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi. Siku ya pili ya wiki ya mafunzo ilitengwa kwa mihadhara juu ya tabia ya feleji inapobebeshwa mzigo. Katika tafsiri kuna sentensi isemayo kwamba watafiti watajifunza “uhusiano baina ya mkazo na mkazo”. Msomaji atacheka, lakini mfasiri hakubuni kichekesho hicho. Alifungua orodha ya istilahi, akatafuta neno la kwanza, akapewa mkazo. Akatafuta la pili, akapewa tena mkazo.

Tuzieleze dhana zenyewe. Chukua fimbo ya feleji yenye urefu wa mita 1 na eneo la mkato la sentimita mraba 1. Ining'inize, kisha funga chini yake mzigo wa tani 2 hivi. Nguvu ya mzigo huo ikigawanywa kwa eneo la mkato, hupatikana paskali zipatazo milioni 200. Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, nayo ina kipimo chake. Kwa mzigo huo fimbo itarefuka kwa milimita 1 hivi. Urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa asili, hupatikana sehemu 1 ya 1,000. Hiyo ni dhana ya pili, nayo haina kipimo, kwa kuwa ni urefu kwa urefu. Ya kwanza ni nguvu ilivyosambaa katika kitu. Ya pili ni kitu kilivyogeuka kwa sababu yake. Mhandisi anayezichanganya mbili hizi hawezi kukokotoa hata mguu wa meza.

Tunapendekeza mkazo libaki kwa dhana ya kwanza. Kwa ya pili wapo waliopendekeza mnyumbuko, lakini neno hilo linaashiria uwezo wa kitu kurudia umbo lake, ilhali feleji iliyovutwa kupita kiasi hugeuka isirudi. Tunaona afadhali “kadiri ya mgeuko”: ni maneno mawili badala ya moja, lakini yanasema jambo lenyewe.

Uchovu wa metali

Siku ya tatu ilihusu “uchovu wa feleji”. Baadhi yetu walitaka neno hili likataliwe, kwa hoja kwamba aliyechoka akipumzika hupata nguvu, ilhali chuma hakiponi kwa kupumzishwa. Hoja hiyo ni kweli kifizikia, lakini haitoshi. Kila mtu aliyewahi kukata waya kwa kuukunja huku na huku anaijua dhana hii: hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata, lakini wingi wa mikunjo umeukata. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, aliichunguza hali hiyo katika ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilivunjika angani juu ya Bahari ya Mediterania kwa sababu hiyohiyo. Mnara wa baharini ukipigwa na wimbi moja kila sekunde 6, katika miaka 20 utakuwa umepigwa mara zipatazo milioni 105. Neno uchovu humfanya asiye mhandisi aielewe hatari hiyo mara moja. Tunamsifu mfasiri kwa kulitumia, nasi tunataka libaki.

Njia ya kutunga

Eugen Wüster wa Austria, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa elimu ya istilahi, alikuwa mhandisi, na kitabu chake cha mwaka 1931 juu ya usanifishaji wa lugha ya ufundi kilitokana na tasnifu yake ya udaktari. Fundisho lake kubwa ni kwamba dhana hutangulia, neno hufuata. Na dhana hupangwa kwa uhusiano wake, si kwa herufi inayoanza jina lake. Sisi kwa muda mrefu tumepanga kwa herufi. Ndiyo maana mikazo miwili imeweza kuishi katika orodha moja, kila mmoja katika ukurasa wake, bila kukutana hata siku moja. Laiti zingaliwekwa bega kwa bega, mtungaji angaliona haya.

Hitimisho

Tunapendekeza, basi, mambo mawili. Kwanza, istilahi za uhandisi zipitiwe kwa makundi ya dhana, pamoja na wahandisi wenyewe, wakiwamo vijana walio katika mitandao ya namna hii. Pili, majina ya vyeo vya watafiti yasanifiwe kwa kutazama hati za ajira, si kamusi peke yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tulioueleza hapa ulikuwa wa neno moja, na ulimgharimu mtu wiki ambayo hairudi. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza wayalete, nasi tutayapima kwa mizani hiyohiyo.